Fundi wa Kwenye Kalenda

Wanangu mnaoanza kazi, najua mmelelewa na methali ile ile iliyonilea mimi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwetu Muleba mama aliisema kila aliponikuta nimesimama mbele ya kioo. Niliiamini. Nikaja nayo Mwanza, nikaingia nayo kiwandani, na ikanigharimu miaka. Sisemi ni methali mbaya. Nadhani aliyeitunga alikuwa anafikiria ndizi sokoni, mahali ambapo mnunuzi anapita, anaona, anabonyeza, anachukua. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha mitambo, nyuma kabisa ya kiwanda, mlango wa chuma umefungwa, na kelele ndani kiasi kwamba mtu akikuita kwa jina humsikii. Huko hakuna mnunuzi anayepita.

Nilikuwa fundi wa majokofu katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa kando ya ziwa. Samaki wanaingia kutoka visiwani, wanapokelewa, wanakatwa minofu, wanagandishwa, wanasafirishwa. Kila hatua inataka baridi, na baridi hiyo ilitoka kwetu, mafundi wa nyuma. Sasa ubaya wa kazi ile ni kwamba ikifanyika vizuri haionekani. Sijawahi kusikia mtu ameingia chumba cha baridi, akatetemeka, akasema ngoja nimkumbuke fundi. Tulikumbukwa siku barafu inapoyeyuka. Wakubwa wakituona, wanatuona tumelowa jasho na mafuta, tumezungukwa na watu wenye hasira. Sura zetu kwao zikawa sura za matatizo.

Mimi nilikuwa na langu la ziada. Katika karakana ile nilikuwa mwanamke peke yangu, kwa hiyo wageni wakija walikuwa wanaletwa kuniangalia. Meneja anafungua mlango, anapiga kelele juu ya kelele za mashine, "Na huyu ndiye fundi wetu wa kike," wageni wanatabasamu, wanaondoka. Mwaka mmoja kiwanda kikaamua kutengeneza kalenda. Nikapewa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani na spana kubwa ya kushika. Ile spana ilikuwa ya kufungulia matairi ya lori. Bwire, fundi mwenzangu kutoka Musoma, alicheka mpaka akakaa chini. Nikaishika hivyo hivyo, nikapigwa picha.

Kalenda ikasambaa. Ilitundikwa ofisini, kwenye zahanati ya jirani, hata kwa muuza vipuri. Mama yangu aliitundika sebuleni kando ya picha ya Bikira Maria, na mwaka ulipokwisha akakataa kuitoa. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza kama ni mimi. Nikajiona nimefika. Kumbe jengo zima lilijua sura yangu, na ndani yake hapakuwa na watu watatu wanaojua ninafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Siku hizi nawaona mnavyojipiga picha na kofia za kazini, mnaziweka kwenye status. Wekeni tu, si vibaya. Mimi mwenyewe ningekuwa na simu ya namna hiyo wakati ule ningejaza. Ila msidhani kwamba mtu aliyewaona amewajua.

Mimi nililijua hilo mkuu wetu wa karakana alipostaafu. Mzee yule alinifundisha kazi, na katika miezi yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa napanga zamu na kuagiza vipuri. Nikakaa nasubiri kuitwa. Sikumwambia mtu. Niliona aibu kuomba kitu ambacho kila mtu, kwa mawazo yangu, alikuwa anaona ni changu. Asubuhi moja Bwana Magesa, meneja wa uzalishaji, akaingia karakana na kijana mmoja mrefu, akatuambia huyu ni Deogratias, anatoka Morogoro, ndiye mkuu wenu mpya.

Nilimaliza zamu. Nikanawa mikono, nikapanda ngazi kwenda ofisini kwa Bwana Magesa, nikamwuliza nilikosa nini. Alishangaa kweli kweli, sikuona uongo usoni mwake.

"Mama Renatus," akasema, "hatukujua kama unaitaka."

Nikashuka ngazi. Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa najibu jibu lile kichwani. Mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ana tabia ya kuuliza maswali kama yuko darasani, alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza nilimwambia nani kwamba naitaka. Nikamnunia. Nilimnunia kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Ingekuwa rahisi kwangu kama Deogratias angekuwa mjinga. Nilimchunguza nikitafuta ujinga. Hakuwa nao. Kazi aliijua, mikono yake ilikuwa safi kwenye kufungua na kufunga, na alikuwa na adabu. Kwa umri nilimzidi, kwa hiyo kila asubuhi bosi wangu alikuwa anakuja kuniambia shikamoo, nami naitikia marahaba huku roho inaniuma.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila siku kabla hajashika spana, alikuwa anazunguka. Anapita mapokezi ya samaki, anapita kwenye ukumbi wa minofu, anapita bohari, anapanda juu ofisini. Anasalimia, anauliza jana mambo yalikwendaje, anasema kile tulichotengeneza na kile tutakachotengeneza, anarudi. Mimi niliita hiyo kujikomba. Siku moja nikamwambia hivyo, uso kwa uso, maana sikuwa na cha kupoteza.

Hakukasirika. Akakaa juu ya kisanduku cha vifaa, akaniambia:

"Mama, jirani yako akikuona ile siku tu ambayo ng'ombe wako wamekula mahindi yake, atakujua kwa jina la ng'ombe. Mimi napita siku ambazo ng'ombe wako zizini."

Mtu wa Morogoro kunifundisha mimi habari za ng'ombe, tena kanda hii ya Wasukuma! Lakini lilinishika. Kesho yake akaniambia mzunguko wa asubuhi ni wangu kwa wiki ile, yeye atabaki na mashine.

Nilianza na ukumbi wa minofu. Humo alitawala Nyamizi, mama wa Kisukuma kutoka Sengerema, msimamizi wa wanawake wote waliokuwa wakikata samaki. Sauti yake ilikuwa inafika mwisho wa ukumbi bila yeye kuinua kichwa. Nikasimama mlangoni na gambuti zangu.

"Unamtafuta nani?" akaniuliza.

Nikamwambia simtafuti mtu, nimepita kusalimia.

"Kimeharibika nini?"

Nikamwambia hakuna kilichoharibika. Akatazama dari, akatazama mabomba, akanitazama mimi. Wanawake wa meza ya karibu wakaacha kukata. Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile, fundi kuingia ukumbini ilikuwa ni habari ya msiba.

Ilichukua muda. Nilijifunza kumwamkia wangaluka kama mtu wa kwao, na yeye akawa anacheka matamshi yangu ya Kihaya. Baadaye nikaacha kuuliza maswali ya jumla, nikawa nauliza kitu kimoja ambacho yeye anakijua na mimi sikijui. Kwa mfano, barafu ya mchana ikoje? Siku moja akanijibu kwamba ya asubuhi ni kavu lakini ya alasiri inakuja na maji. Nikarudi, mimi na Bwire tukafungua mashine, tukakuta kosa dogo ambalo baada ya muda lingekuwa kubwa. Kesho yake nikarudi kumwambia Nyamizi kwamba lile neno lake limetuokoa. Kuanzia hapo nikipita ananiita mwenyewe. Kwa hiyo msizunguke kama wagombea ubunge, mnagawa mikono tu. Pita na swali, rudi na jibu. Hilo la kurudi na jibu ndilo wengi hulisahau.

Sasa niwaambie nilivyoaibika. Deogratias alifiwa na mkwewe, akasafiri, akaniachia mkutano wa wasimamizi wa kila Jumatatu. Sikuwa nimewahi kukanyaga kwenye mkutano ule. Nikasema yote niliyokuwa nayo: presha ya kompresa imeshuka, valvu inarudisha, mafuta yamebadilika rangi. Sauti yangu ilianza ndogo ikazidi kupungua. Watu wakaanza kutazama simu. Nilipomaliza, Bwana Magesa akauliza, "Kwa hiyo?" Sikuwa na kwa hiyo. Nikakaa.

Tulipotoka Nyamizi akanishika bega. Akaniambia nimesema Kiswahili chote lakini hakuna neno aliloelewa. "Mimi niambie barafu ipo au haipo," akasema. "Hayo ya tumboni mwa mashine baki nayo wewe."

Jumatatu iliyofuata msiba ulikuwa haujaisha. Nikarudi. Usiku sikulala vizuri, lakini nilikuwa nimeamua jambo moja: kila nitakalosema nitalianza na samaki, mashine itakuja baadaye. Nikasimama, maana nilikuwa nimegundua kwamba nikikaa sauti inabanwa, nikamtazama yule aliyekaa mbali kuliko wote, nikamsemesha yeye. Nikasema Alhamisi mashine moja ya barafu itasimama hadi mchana. Bwana Magesa akiweza kuzichelewesha boti za Nansio zifike jioni, hakuna samaki atakayeharibika. Kazi ataifanya Bwire, ndiye aliyetengeneza ile nyingine na haijatusumbua tangu hapo. Nikakaa.

Bwana Magesa akageuza kiti chake upande wangu, akaniuliza kama boti zinaweza kuja saa tisa badala ya jioni. Nikamjibu. Akaniuliza jingine. Nikajibu. Lilikuwa jambo dogo, lakini niliposhuka zile ngazi miguu ilikuwa miepesi.

Basi nikanogewa. Deogratias aliporudi akaona ninavyopenda, akawa ananichukua kila Jumatatu. Nami nikawa nina la kusema kwenye kila jambo, hadi habari za chakula cha mchana na maegesho ya magari. Nyamizi ndiye aliyenizuia. Akaniambia, kwa upole wake ule wa kuuma na kupuliza, "Mama Renatus, sasa umekuwa redio. Redio watu wanaiacha inaongea huku wanapika." Nikapunguza. Nikajiwekea kwamba sifungui mdomo mpaka niwe na kitu ambacho mtu akitoka nacho nje anaweza kukifanyia kazi. Nikikosa, nasikiliza. Mikutano mingi nilisikiliza.

Na lile la kumtaja Bwire, nililisema bila kulipanga, lakini nikaliona lilivyofanya kazi. Wenzangu wengi waliogopa kuwataja walio chini yao, wakidhani sifa ni kama ugali, ukimmegea mwenzako chako kinapungua. Mimi niliona kinyume. Nikimtaja Bwire, Bwire alitembea ameinua kichwa, na wakubwa walizidi kuniamini mimi, kwa sababu mtu anayesema ukweli kuhusu kazi ya mwenzake atasema ukweli kuhusu ya kwake.

Kiwanda kikaanza kunituma nje. Mara ya kwanza ilikuwa Nansio, kwa mzee mmoja aliyekuwa na mtambo mdogo wa barafu, akituuzia samaki. Mtambo umekufa, samaki wako hatarini. Nikashuka kwenye meli na kisanduku changu. Mzee akanisalimia vizuri, kisha akawa anachungulia nyuma yangu kwa abiria wanaoshuka. Akaniuliza fundi yuko wapi. Zamani ningeinama, ningesema taratibu, au ningechukia. Nikaweka kisanduku chini, nikampa mkono, nikamtajia jina langu na kazi yangu, nikamwambia, "Fundi ndiye mimi, mzee wangu. Nani alikuwepo mashine ilipozimika?" Akaniitia mwangalizi wa mtambo, nikamsikiliza mpaka akamaliza kabla sijagusa kitu. Nilipoondoka barafu ilikuwa inadondoka. Mara ya pili nilipokwenda, yule mzee alikuwa gatini ananisubiri, na wenzake wawili wenye majokofu yao nao walikuwa wananisubiri. Jina langu lilikuwa limevuka maji kabla yangu.

Deogratias alipopata kazi Dar es Salaam, alinipa habari mapema kuliko wengine. Hakuniambia cha kufanya. Hakuhitaji. Siku hiyo hiyo nilipanda ngazi, nikamwambia Bwana Magesa kwamba nafasi ile naitaka, na nimekuja kumwambia kwa mdomo wangu ili asije akasema hakujua. Alicheka, akasema nitafanya usaili kama wengine. Nikaufanya. Walikuwepo wawili kutoka nje, watu wazuri wenye vyeti kuliko mimi. Nikapewa mimi. Wanangu, kuomba kazi unayoiweza si kiburi. Kiburi ni kukaa kimya ukingoja dunia ikusome moyo.

Lakini nisingewaita kuwasimulia haya kama faida yake ingekuwa cheo tu. Cheo nilikirudisha siku nilipostaafu, sasa nipo Buhongwa na kuku zangu. Kuna siku moja ambayo ndiyo hasa nataka muijue.

Ilikuwa mchana, kiwanda kimejaa. Bwana Magesa alikuwa ukumbi wa minofu na wanunuzi wageni, wote makoti meupe. Mimi nilikuwa chumba cha mitambo. Geji moja ikaanza kushuka, taratibu, si kama inavyoshuka siku zote. Nikatoka nje nikifuata bomba, na nyuma ya ukuta wa ukumbi ule nikaipata harufu, nyembamba, inayochoma ndani ya pua. Majokofu makubwa yale yanatumia amonia. Ikivuja kidogo inaumiza macho. Ikimwagika ndani ya ukumbi wenye watu, inaua.

Nikamwambia Bwire azime mitambo, nikaingia ukumbini. Nikamsogelea Bwana Magesa, nikamwambia kwa sauti ya chini watu watoke sasa hivi. Akatazama wageni. Meza zilikuwa zimejaa samaki. Akaniambia tumalizie mzigo huu, ni muda mfupi tu. Simlaumu, hakuwa ameisikia ile harufu. Ningeweza kubishana naye. Niliona nikibishana naye muda utakwenda.

Nikamgeukia Nyamizi na ukumbi wote. Nikasema, "Akina mama, wekeni visu chini. Tokeni, mlango wa ziwani."

Mlango wa ziwani haukuwa mlango wao. Siku zote waliingilia barabarani, na hata mazoezi ya dharura tuliyafanyia getini. Lakini mchana upepo huku unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na ile hewa ingewafuata mpaka getini. Hapakuwa na nafasi ya kueleza hayo. Nyamizi hakuniuliza. Alirudia maneno yangu kwa ile sauti yake, mara moja. Nikasikia visu vinagonga meza, meza baada ya meza, halafu gambuti kwenye sakafu yenye maji. Hawakukimbia. Walitoka kama wanavyotoka kanisani. Bwana Magesa akawatazama wanavyopita, kisha akawashika wageni mikono akatoka nao.

Wa mwisho alikuwa ameshavuka kizingiti bomba lilipofumuka. Nilisikia kishindo, nikaona wingu jeupe linashuka juu ya meza pale walipokuwa wamesimama. Mimi na Bwire tulivaa barakoa zetu, tukaenda kufunga valvu za nje. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe, woga ulikuja baadaye.

Nilipofika gatini, upande wa ziwani, nilikuwa nakohoa na machozi yananitoka. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye upepo, kofia nyeupe tupu, nyuma yao maji. Nyamizi alikuwa anaita majina, kila mmoja anaitika. Wote waliitika. Bwana Magesa alikuja akasimama karibu yangu, akanipa kitambaa chake.

Kando yangu palikuwa na binti mgeni kabisa, kutoka Ukerewe, ndiyo kwanza ameanza kazi wiki ile. Nikamwuliza kama ameumia. Akasema hapana. Nikamwuliza, maana lilikuwa linanisumbua, kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniuliza sababu.

"Mimi nilitaka kuuliza, Mama," akasema. "Sikujui. Ila yule mama tunayekata naye meza moja alinishika mkono, akaniambia, huyu hasemagi hovyo, twende."

Nilitazama lile kundi nikimtafuta huyo mama. Kofia zote ni nyeupe, zote zinafanana, na nusu ya nyuso zilikuwa zimezibwa na vitambaa. Sikumjua ni yupi. Yeye alinijua.